Ng'ombe wa Nyumba Namba Tisa

"Baba, na huyu mwenye baka ni wa nani?"

Bona alikuwa ameshika sikio la ng'ombe, anang'oa kupe mmoja mmoja na kuwaponda kwa kisigino cha buti. Aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia nyoka kwenye majani.

Hilda alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Amevaa sweta ya shule juu ya gauni la nyumbani, na daftari amelifungua juu ya mti wa lango. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Mtoto ana miaka kumi tu, lakini alikuwa amekunja uso kama karani.

"Nani anauliza?"

"Mwalimu. Yaani sisi. Darasa la nne wote tunauliza."

"Mnauliza nini?"

Hilda akasoma huku kidole kinafuata mstari. "Nyumbani kwenu kuna ng'ombe wangapi? Wanakunywa maji wapi? Mara ngapi kwa wiki? Ni wa nani?"

"Umeandika nini?"

"Saba."

"Nani kakwambia saba?"

"Nimewahesabu."

"Futa."

"Nimeandika kwa peni, baba."

Bona akamwachia ng'ombe sikio. Alitaka kulichana lile daftari, akakumbuka alilinunua mwenyewe. "Hapo kwenye 'ni wa nani' umeandika nini?"

"Bado. Ndiyo nakuuliza."

"Andika ni wa hapa. Basi. Nenda shule."

Mtoto akaandika, akafunga daftari, akaondoka. Lakini kabla hajafika njiani aligeuka akamwangalia yule ng'ombe mwenye baka, halafu akamwangalia baba yake. Bona hakuyapenda yale macho.

Huku Tumati mtu hapendi kuulizwa ana ng'ombe wangapi. Muulize habari ya mke aliyemkimbia, atakueleza mpaka uchoke. Muulize ng'ombe, anakuangalia kama umeingiza mkono mfukoni mwake. Na hata ukihesabu zizini kwake hujajua kitu, maana ng'ombe walio kwa mtu si lazima wawe wake, na walio wake wako kwa watu. Mwenye ng'ombe wengi ana ndugu wengi. Ukiwaweka wote zizi moja, jicho la watu litawamaliza, au ugonjwa utaingia siku moja uwafagie wote. Kwa hiyo mtu anawagawa. Huyu kwa fulani, wawili kule mlimani. Na aliyewekewa anafunga mdomo.

Bona alikuwa amewekewa watano. Wake mwenyewe walikuwa wawili: dume la kulimia lenye pembe moja, na ng'ombe mzee aliyekauka maziwa. Wale watano waliletwa miaka minne nyuma, mmoja mmoja, na makubaliano yalikuwa ya mdomo. Maziwa ni ya Bona, samadi ni ya Bona, na kila ndama wa tatu ni wa Bona. Kabla ya hao watano mahindi yake yalikuwa yanaishia magotini, na Hilda alikuwa anakwenda shule na chai ya rangi. Sasa mtoto anakunywa maziwa mgando mpaka anabakiza, na mke wake Fabiola anawapelekea majirani. Ukiwatoa hao watano, Bona ni mtu mwenye dume la pembe moja.

Mwenye nao alikuwa Mzee Akonaay, mwenyekiti wa kamati ya lambo. Kijiji kizima kilijua Mzee Akonaay ana ng'ombe watatu. Mwenyewe alisema hivyo kila mwaka kamati inapoandikisha ng'ombe, mbele ya watu, amevua kofia.

*

Saa nne Bona alishusha ng'ombe lambo. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, yameacha tope pana lililopasuka kama mkate wa jana. Mwezi wa tisa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Pascal na Onesphory walikuwa wameshafika, wamekaa juu ya tuta, mashuka yamewafunika mpaka masikio.

"Huyo baba Hilda kaja," Pascal alisema. "Wa kwako naye kakuhoji?"

"Kanihoji asubuhi asubuhi, hata uso sijanawa."

"Wangu kanifuata mpaka chooni. Baba, ng'ombe wetu wanakunywa mara ngapi? Nikamwambia subiri nitoke, nijibu nikiwa nimesimama kama mtu."

Wakacheka. Onesphory hakucheka. Onesphory ni mtu ambaye hata mvua ikinyesha anauliza nani kaileta.

"Chekeni tu," alisema. "Mwalimu gani anafundisha kusoma kwa kuuliza ng'ombe? Tulivyosoma sisi, mwalimu alikuuliza ng'ombe? Ulisoma sungura, ukasoma fisi, ukapigwa, ukaenda nyumbani. Huyu mama katoka Songea huko, kwao hata ng'ombe hawana. Ng'ombe zetu anazitakia nini?"

"Labda wilaya imemtuma," Pascal alisema.

"Eeh! Umesema mwenyewe. Mkubwa ukimuuliza anadanganya. Mtoto hajui kudanganya. Wamekaa wakafikiri, wakasema tupitie kwa watoto. Mwakani mtasikia punguzeni mifugo, na karatasi wanayo, imeandikwa na mwanao kwa mkono wake."

Akili ya Bona ilikuwa imeshafika huko tangu asubuhi, na mbele zaidi. Juu ya kilima, upande wa pili wa lambo, watoto sita wa shule walikuwa wamekaa kwenye mawe na madaftari magotini. Wanaangalia chini. Kila kundi likishuka kunywa, vichwa vinainama, vinaandika.

"Siku ya tatu hiyo," Onesphory alisema. "Wanatuhesabu kama kuku."

Mzee Akonaay alipita akitokea mashineni na fimbo yake. Vijana wakasimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, marahaba. Maji yanakwisha, eeh? Jumatatu ijayo tunaanza kuchimba tope. Kama kawaida, ng'ombe mmoja siku moja ya kuchimba. Kila mtu na idadi yake."

"Kila mtu na idadi yake," Pascal aliitikia, na uso wake haukuonyesha kitu.

Mzee akaendelea na njia, halafu akasimama kama mtu aliyekumbuka dawa. Akamwita Bona kwa kidole. Walipofika pembeni alisema bila kumwangalia, macho yako kwa ng'ombe wanaokunywa.

"Nasikia mtoto wako anajua kuandika sana."

"Anajifunza, mzee."

"Vizuri. Elimu ni kitu kizuri." Akachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. "Ng'ombe wakisemwa, wanahama. Unajua hilo."

"Najua."

"Basi salamu kwa mama Hilda."

*

Bona hakungoja jioni. Aliwaacha ng'ombe kwa Pascal, akapanda mpaka shule na buti zake za tope.

Kabla hajafika mlangoni alisikia kelele. Akafikiri mwalimu hayupo. Kumbe yupo. Mwalimu Mectilda alikuwa amechuchumaa katikati ya watoto, madawati yamesogezwa manne manne, watoto wanabishana, wengine wamesimama, mmoja amepanda dawati anabandika karatasi ukutani. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ya manila, maandishi mekundu. Bona alisoma polepole, midomo inacheza.

LAMBO LETU LINAKAUKA MWEZI WA TISA. ZAMANI MAJI YALIFIKA KRISMASI. KWA NINI? TUFANYE NINI?

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa meno.

"Marahaba, baba Hilda. Karibu ndani. Usiogope buti, sakafu yenyewe ni hiyo unayoiona."

"Sikai. Nimefuata ukurasa mmoja wa daftari la mtoto."

Darasa likapunguza kelele. Hilda, dawati la dirishani, akaangalia chini.

Mwalimu akamtoa nje, wakasimama chini ya dari la baraza. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, chaki kwenye nywele. "Niambie, baba Hilda. Kuna nini?"

"Kuna hivi. Unafundisha kusoma au unafundisha upelelezi?"

Mwalimu hakukasirika, na hilo lilimuudhi Bona zaidi. "Hilda mwaka jana alikuwa anasoma kama redio," alisema. "Hajikwai hata neno. Nikimuuliza redio imesema nini, redio haijui. Na si yeye tu. Nilikuwa nawapa hadithi, chini maswali matano. Wanatafuta neno lililopo kwenye swali, wananakili sentensi yenye neno hilo. Wanapata tano kwa tano. Hawajaelewa kitu! Nikawaza sana. Nikasema ngoja niwape tatizo kwanza. Tatizo la kwao, linalowauma. Likiwauma watasoma wenyewe kutafuta jibu. Unajua wamesoma nini wiki mbili hizi? Muhtasari wa mkutano wa mwaka lambo lilipochimbwa. Kanuni za kamati. Karatasi ya bwana mifugo, ng'ombe anakunywa ndoo ngapi. Vitu ambavyo ninyi wazazi hamjawahi kusoma."

Neno redio lilikuwa limemchoma Bona.

Maana na yeye alikuwa redio. Watu hawaamini, lakini darasa la sita Bona alikuwa anaitwa mbele, anasoma ukurasa mzima kama mchungaji kanisani, na mwalimu anasema mpigieni makofi. Alikuwa hajui anasema nini. Nyumbani waliongea Kiiraqw tu. Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kinapita mdomoni mwake kama maji kwenye bomba, na bomba halisikii kiu. Siku moja akaja mkaguzi. Bona akasoma, makofi yakapigwa, mkaguzi akafunga kitabu. "Sasa niambie. Huyu mkulima alikosea wapi?" Bona alisimama. Alisimama mpaka darasa likaanza kucheka, kwanza nyuma, halafu wote. Kesho yake alikwenda na ng'ombe. Hakurudi tena.

"Majina hatujaandika," mwalimu alikuwa anasema. "Ni namba za nyumba tu. Yako ni namba tisa."

"Mwalimu, kijiji hiki hata mbwa anajua namba tisa ni ya nani."

"Basi sikiliza jambo lenyewe, utafurahi." Akashusha sauti. "Watoto wameuliza nyumba zote. Jumla, ng'ombe tisini na sita. Wameketi kilimani siku tatu, wamehesabu wanaokunywa. Mia na arobaini, kila siku. Unaona? Kuna watu wa nje wanaleta mifugo kwenye lambo lenu! Ijumaa kwenye mkutano wa wazazi watoto watasoma wenyewe. Mtajua adui yenu ni nani."

Bona alimwangalia usoni kwa muda. Alitafuta ujanja, hakuuona. Mama huyu alikuwa amekusanya ukweli wote wa kijiji kwenye karatasi moja, na alikuwa hajauelewa. Watu wa nje! Au anajifanya? Hakuna mtu anayefanya kazi yote ile kwa mshahara wa mwalimu.

"Naomba ukurasa wangu," alisema.

"Ukurasa ni wa Hilda. Akitaka kuuchana, auchane mwenyewe. Muulize."

Bona akarudi mlangoni. Darasa zima likageuka, macho arobaini na ngapi sijui, yote kwake. Hilda akasimama, mkono juu ya daftari. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Bona. Halafu akaona vile mtoto alivyosimama, mabega juu, shingo ndani, anasubiri darasa lianze kucheka.

"Jioni usichelewe," alisema. Akaondoka.

*

Ijumaa mkutano ulifanyika nje ya darasa, kwenye jua. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto mbele. Mezani alikaa mtendaji wa kijiji, Bwana Reginald, mtu wa Moshi, pamoja na Mzee Akonaay na daftari la kamati. Watu walikuja wengi kuliko siku zote. Hawakuja kwa mapenzi. Walikuja kuona kimeandikwa nini.

Mtoto wa Pascal alisoma kwanza. Akasoma muhtasari wa zamani, kwamba lambo lilichimbwa kina cha watu wawili. Akasema siku hizi wakizamisha fimbo, kina kinafika kiunoni kwa mwalimu tu. Watu wakacheka. Monica wa kundi la pili, binti wa mwenye mashine, akasoma tisini na sita. Halafu akasoma mia na arobaini, na kwamba waliozidi wanatoka nje.

Hakuna aliyecheka. Kikohozi kimoja upande wa wanaume, kikafa.

Mzee Akonaay alisimama haraka kuliko umri wake. "Mmesikia wenyewe! Nimesema miaka yote, hamnisikii. Watu wa ng'ambo ya korongo wanatunywea maji! Mwalimu, Mungu akubariki. Jumatatu tusichimbe tope. Vijana waende na fimbo wazibe njia ya korongo."

"Waende!" watu wakaitikia. Sauti zilikuwa za kufurahi. Bona naye alijikuta anaitikia. Kila mwanamume pale alikuwa amepata pa kuficha ng'ombe wake.

"Kuna kundi moja bado," mwalimu alisema.

Hilda akasimama. Akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Sisi kundi la nne hatukubaliani na kundi la pili," alisoma. "Tulisoma kwamba ng'ombe akipita kwenye udongo laini anaacha nyayo. Tulikwenda njia ya korongo, ndiyo pekee ya kutoka nje, asubuhi na jioni. Hakuna nyayo za ng'ombe. Kuna za mbuzi na za mtu mmoja na baiskeli. Kwa hiyo ng'ombe wote mia na arobaini wanalala hapa hapa kijijini. Kanuni inasema ng'ombe mmoja siku moja ya kuchimba. Tumejiuliza, kama wanaotajwa ni wachache kuliko wanaokunywa, tope litaisha lini? Haliishi. Kila mwaka linabaki. Ndiyo maana lambo linajaa tope. Kwa hiyo kuna mahali mtu amesoma vibaya, au mtu amesema vibaya."

Hakusoma kama redio. Alisoma kama mtu anayeeleza alichokiona njiani, anasimama, anawaza, anaendelea.

Mwalimu Mectilda alikuwa ameweka mkono mdomoni. Bona alimwona. Mama wa watu alikuwa anaelewa sasa hivi, mbele ya watu wote, na alikuwa anatamani ardhi ipasuke.

"Mtoto anawaita wazazi waongo!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Muache, si anajua sana?" Onesphory alisimama, shuka limemdondoka bega moja. "Wewe binti. Umesema wanalala hapa. Basi taja! Hao ng'ombe wasio na wenyewe ni wa nani?"

Hilda alinyanyua macho kwenye karatasi. Hakumwangalia Onesphory. Hakumwangalia baba yake. Aliangalia mezani, moja kwa moja, kwa Mzee Akonaay. Mzee aliyekuwa anakuja kila mwezi kusimama kwenye uzio wao, anasema amepita tu, na anamwangalia ng'ombe mwenye baka kama mtu anayeangalia picha ya marehemu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesoma mwenyewe. Mdomo wake ukafunguka.

"Wangu," Bona alisema.

Alikuwa ameshasimama. Hakujua amesimama saa ngapi.

"Wako wangapi?" Bwana Reginald aliuliza, kalamu juu.

"Saba. Mwaka jana nilisema wawili. Nilidanganya. Wote wangu. Mtoto kaa chini."

Kelele zikalipuka. "Saba! Tajiri wa Tumati!" Pascal alipiga mluzi. "Na buti lenye kiraka!" Upande wa wanawake Fabiola alijifunika uso kwa kanga. Bwana Reginald alikuwa anaandika, anasema kwa sauti, "Bonaventura, saba. Siku saba." Mama mmoja mjane akasimama akasema na yeye alikosea kidogo, ni wanne si wawili, akakaa. Baada yake hakuna mwingine aliyesimama. Watu wakaanza kuangaliana, na macho yale hayakuwa ya kirafiki.

Bona alikuwa anamwangalia Mzee Akonaay tu. Mzee alikuwa ametulia, kofia magotini. Alimwangalia Bona kama unavyomwangalia mbwa wako mwenyewe aliyekung'ata, hujui ni kichaa au ni njaa. Angesema nini? Aseme si wako, ni wangu? Amevua kofia mbele ya watu miaka kumi na mbili.

Na kitu kimoja kilimsumbua Bona njia nzima kwenda nyumbani. Alisema neno lile kumziba mtoto mdomo, Mungu shahidi. Lakini lilipotoka lilikuwa tamu.

*

Mzee alikuja Jumamosi, jua limeshatoka, Bona akiwa anasomba samadi. Hakungoja shikamoo.

"Juzi nilikuwa na ng'ombe watano kwako. Leo wako wapi?"

"Wapo, mzee. Wahesabu."

"Nikishawahesabu, nikitoka hapa nitasema nimehesabu wa nani?"

Bona akachomeka sepetu kwenye samadi.

"Nani kakufundisha?" mzee aliuliza. "Mwalimu? Mke wako? Sikukujua una akili hizi."

"Hakuna akili. Mtoto alikuwa anataja jina lako."

"Ulimwambia."

"Sijamwambia."

"Alijuaje?"

"Anajua kusoma."

Mzee akatema mate pembeni. Alishika mti wa lango, akaupima uimara, akaachia. "Nitawahamisha. Wiki hii."

"Wahamishe. Mimi siwezi kukuzuia, ni ng'ombe zako." Bona alifuta jasho. "Ila watoto bado wanakaa kule juu. Mwalimu amesema waendelee mpaka mvua. Watano wakitoka namba tisa, wataandika wametoka. Wakiingia kwingine, wataandika wameingia."

"Unanitisha."

"Nakwambia ilivyo."

"Unataka kunila, Bona."

"Ningetaka kukula, mzee, ningekuita leo hapa?"

"Hujaniita. Nimekuja mwenyewe."

Ni kweli, Bona hakuwa amemwita. Alikuwa ameamka amemwangalia yule mwenye baka muda mrefu, na hakuwa amewaza kumwita mtu.

Mzee aliona kitu usoni mwake, maana alicheka kidogo, bila furaha. "Mlishe vizuri huyo mtoto," alisema. "Yeye ndiye atatuzika sote." Akashuka njia, fimbo inagonga mawe.

Usiku ule na uliofuata Bona hakulala. Akisikia ng'ombe amehema alitoka na tochi. Hakuna aliyekuja.

*

Jumatatu wakaanza kuchimba. Siku mbili za kwanza Bona alichimba kwa ajili ya dume la pembe moja na ng'ombe mzee, na hizo zilikuwa nyepesi. Tope lilikuwa jeusi, zito, linanuka mayai. Unalikata kwa jembe, unalijaza kwenye karai, karai linapandishwa mkono kwa mkono mpaka juu ya tuta. Watu walikuwa wengi kuliko miaka mingine. Hakuna aliyesema kwa nini. Kila mtu alimwangalia mwenzake anachimba siku ngapi, na anayeondoka mapema aliulizwa afya yake kwa sauti kubwa.

Mzee Akonaay alichimba siku zake tatu upande wa pili, mbali na Bona. Jumatano jioni alinawa miguu, akavaa viatu, akasaini daftari la kamati, akaenda.

Alhamisi ilikuwa siku ya nne ya Bona. Mgongo ulikuwa unalia. Siku hizi sasa hazikuwa zake. Anachimba kwa ajili ya ng'ombe wa mtu, mtu mwenyewe yuko nyumbani anaota moto, na labda yuko njiani kwenda zizini. Kila baada ya muda aliinua kichwa kuangalia kilima cha kwao. Kisha aliinama, akakata tope kwa hasira.

Alipoinua kichwa tena, jembe lilikuwa limeshuka hatua mbili kutoka kwake. Jembe la mpini mrefu. Mzee Akonaay alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, suruali imekunjwa, kofia kichwani.

"Mzee!" Pascal aliita kutoka juu ya tuta. "Si ulimaliza jana siku zako?"

"Nanyoosha mgongo."

"Leo Alhamisi. Utaunyoosha mpaka lini?"

Mzee akainama, akakata pande la tope, akalitupa kwenye karai.

"Jumapili tunakwenda kanisani," alisema. "Mpaka Jumanne."

Vicheko vikapita juu ya tuta, vikafika katikati vikaisha. Mtu mmoja alianza kuhesabu siku kwa vidole, alipofika tano mwenzake akamshika mkono. Juu kabisa, kwenye mawe, watoto walikuwa wamesimama.

Mzee hakumwangalia Bona. Walichimba bega kwa bega, jembe la huyu linashuka, la yule linapanda, na katikati yao karai likajaa mpaka tope likaanza kumwagika pembeni. Mzee akainama akalishika upande wake. Bona akashika wa kwake. Wakalinyanyua pamoja mpaka kifuani, maji meusi yanawachuruzikia mikononi, na hapo likasimama. Ili liende juu, mmoja ilibidi aachie, mwenzake alipandishe peke yake. Kila mmoja alikuwa amekaza vidole, kila mmoja anamwangalia mwenzake machoni, anasubiri aone nani ataachia kwanza.